Mrejesho: Kupiga picha Jambiani bila kukwaza wenyeji

Wadau, niliuliza namna ya kupiga picha za maisha ya kila siku kijijini Jambiani, Zanzibar, bila kuudhi watu. Wengi mlisema nianzie kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, na kweli, alinisikiliza kisha akanikutanisha na mama mmoja mkulima wa mwani. Tangu hapo nikawa mgeni wake, na watu wakajua nimefikia kwa nani.

Kilichosaidia zaidi ni kuiacha kamera mkobani. Kina mama hushuka pwani maji yakitoka, hasa siku za bamvua, maji yanapotoka mbali zaidi, na wana saa chache tu kabla hayajajaa tena. Kumsimamisha mtu pale ni kumkatia riziki. Nikawa nabeba mifuko na kuanika mwani, ruhusa ya picha nikiiomba baadaye, watu wameshapumzika. Wapo walioniruhusu mikono na kamba za mwani tu, sura hapana. Wengine walitaka kwanza wavae mtandio vizuri. Picha hizi nazipenda kuliko zozote za kuvizia, maana macho ya watu yametulia.

Watoto, bila mzazi kuwepo sikuwapiga. Mazishini kamera haikutoka kabisa.

Aliyenishauri nizisafishe picha niwarudishie wenyewe, Mungu akubariki. Bibi aliyekuwa amenikatalia aliziona za jirani zake, akaniita: "Mwanangu, na miye nipige."

Pesa sikumpa mtu kwa ajili ya picha. Nilinunua sabuni zao za mwani, na bei sikuomba punguzo.