Naomba ushauri: mbwa wangu wa kuchungia kafa, kaacha mtoto mdogo

Wakuu habari zenu, niko Liwale, Lindi, nafuga mbuzi. Komando wangu kafa wiki iliyopita, uzee tu, na imeniuma sana jamani. Yule mbwa jioni humwambii kitu, anazunguka nyuma ya kundi mwenyewe, mbuzi akinogewa kwenye mikorosho ya watu anaenda kumgusagusa miguuni na pua mpaka arudi, hata kumng'ata hamng'ati. Usiku fisi wakilia yeye analala mlangoni mwa zizi, na huku kwetu tumepakana na Selous sio mchezo.

Sasa kaacha mtoto jike, ndo kwanza kaacha kunyonya. Mzee mmoja wa Kisukuma kasema nimlaze na mbuzi kuanzia sasa awazoee, wife anasema atakanyagwa, mi nadhani nimtengee kakona ndani ya zizi awe anawaona na kuwanusa tu, mnaonaje? Na chanjo ya kichaa cha mbwa nimeambiwa mpaka afikishe miezi 3, kabla ya hapo nimfungie asichanganyike na mbwa wa mtaani? Pia mbuzi toka Komando afe wakifika zizini wanagoma kuingia mpaka uwasukume, nifanyeje?