Kwa nini Waolmeki na Wamaya walifukia vitu vya jade walivyovitengeneza kwa taabu kubwa?

Msomaji wa Mawe:
Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma kuhusu vitu vya ibada vya jade vilivyotengenezwa na Waolmeki wa pwani ya Ghuba ya Meksiko, na baadaye na Wamaya, na kuna jambo linanitatiza. Jiwe hili ni gumu kiasi kwamba ncha ya kisu cha chuma hailikwaruzi, nao hawakuwa na chuma. Hata hivyo walitengeneza mashoka yasiyokata kitu, sanamu ndogo na vinyago, kisha wakavifukia ardhini au kuvitumbukiza majini. Walichonga kwa njia gani, na kwa nini kazi ngumu kiasi hicho iishie mahali ambapo hakuna jicho la kuiona?

Keekee:
Nijibu la kwanza. Neno "kuchonga" linatupotosha kidogo, kwani jade haikubali patasi, husagwa. Fundi alivuta uzi huku na huko juu ya jiwe lililotiwa maji na mchanga mkali, na kilichokata hakikuwa uzi bali punje za mchanga. Matundu yalitobolewa kwa keekee ya mfupa au ya mwanzi wenye uwazi ndani, ndiyo maana ukitazama kwa makini pembe za midomo na macho ya sanamu nyingi utaona alama za viduara vya tobo la awali. Baada ya hapo ilibaki kusugua, siku nenda siku rudi, hadi jiwe ling'are.

Jiwe lenyewe ni jadeiti, si nefriti waliyoitumia Wachina wa kale; ni mawe mawili tofauti yanayoitwa yote jade. Mfaransa Alexis Damour ndiye aliyezitofautisha mwaka 1863. Lilitoka katika bonde la mto Motagua nchini Guatemala, mamia ya kilomita kutoka mji wa Waolmeki wa La Venta, kwa hiyo lilikuwa limekwisha kugharimu safari ndefu kabla fundi hajaligusa.

Mlinzi wa Kale:
Kuhusu la pili, ningekuomba uache kwanza dhana kwamba kufukia ni kupoteza. Mwaka 1955, huko La Venta, wachimbuaji walikuta sanamu 16 zilizosimamishwa pamoja, na mashoka 6 membamba yamesimikwa kando yake kama nguzo. Sanamu moja, ya jiwe duni lenye chembechembe, imeyapa mashoka hayo mgongo, na nyingine, za jade na za serpentini (jiwe jingine la kijani), zimekusanyika mbele yake kana kwamba kuna shauri. Kundi hilo lilifukiwa, na sakafu za udongo zikatandazwa juu yake. Kisha, baada ya muda, mtu alichimba shimo jembamba lililofika kwenye vichwa tu, akatazama, akalifukia tena. Hakupapasa pembeni kutafuta. Mahali palijulikana, na nadhani kujulikana huko kulitosha.

Msomaji wa Mawe:
Ahsante, hilo la shimo sikulijua. Je, Wamaya nao walifanya hivyo kwa sababu ileile?

Mwana wa Pwani:
Hapo ningetahadhari, kwa maana kati ya La Venta na kaburi la mfalme Pakal wa Palenque, mji wa Wamaya, aliyefariki mwaka 683 BK, imepita zaidi ya miaka elfu moja. Mwanaakiolojia Alberto Ruz Lhuillier alipolifungua kaburi hilo mwaka 1952, alimkuta mfalme amefunikwa uso kwa kinyago cha vipande vya jade, na ushanga wa jade umo kinywani. Kwa Wamaya rangi ya kijani ya jade ilikuwa ya mahindi mabichi na ya maji, na jiwe lilihusishwa na pumzi yenyewe. Karne nyingi baadaye, askofu Mhispania Diego de Landa aliandika kwamba watu wa Yucatán waliwatia wafu kinywani unga wa mahindi pamoja na vijiwe, ili wasikose chakula huko waendako.

Kwenye shimo takatifu la maji la Chichén Itzá, mji wa Wamaya huko Yucatán, mambo ni tofauti kabisa: vipande vingi vilivunjwa kwa makusudi kabla ya kutupwa. Kimoja kina maandishi ya mtawala wa Piedras Negras, mji wa mbali, kwa hiyo kilikuwa kimepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika majini.

Mlinzi wa Kale:
Nakubali sahihisho hilo. Niongeze tu kuhusu mashoka, kwa kuwa uliyaita yasiyokata kitu. Shoka ndilo lililofyeka msitu ili mahindi yapandwe, na umbo lake, likisimamishwa makali juu, lafanana na hindi linalochipuka. Shoka maarufu la jade la Waolmeki liitwalo shoka la Kunz, lililoko kwenye makumbusho jijini New York, lina urefu wa takriban sentimita 28 na limepewa uso wa kiumbe nusu mtu nusu jaguari. Na mikononi mwake kiumbe huyo ameshika shoka dogo.