Nani humteua wakili wa mtoto katika kesi ya ulinzi?

Shangazi Mtu: Habari zenu ndugu. Watoto wawili wa marehemu kaka yangu, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 14, wamechukuliwa na maofisa wa ustawi wa jamii, na shauri limekwisha kufunguliwa mahakamani. Mama yao ana wakili, idara nayo ina wakili. Je, ninaweza kuwawekea watoto wakili na kumlipa mwenyewe?

Wakili Mstaafu: Pole sana, dada. Nakushauri usimlipe wewe. Ikiwa unakusudia kuomba kukaa na watoto hao, upande wa pili utadai, na utakuwa na hoja, kwamba wakili huyo anasema ya kwako. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika shauri linalomhusu, yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi, na Kamati ya mkataba huo ilitahadharisha mwaka 2009 kwamba maslahi ya mtoto yanaweza kugongana na ya mzazi anayedhaniwa kuwa mwakilishi wake wa kawaida. Ndiyo maana njia salama ni mahakama yenyewe kumteua, kwa gharama ya mfuko wa msaada wa kisheria pale unapokuwepo.

Mama Ustawi: Utaratibu hutofautiana. Uingereza, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, mahakama humteua kwanza mlezi wa kesi, ambaye ni mtaalamu wa ustawi, naye ndiye humtafutia mtoto wakili; lakini mtoto mwenye uelewa wa kutosha akitofautiana na mlezi huyo, wakili hufuata maagizo ya mtoto. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 ilidai mwakilishi wa mtoto bila kulazimisha awe wakili. Kwa hiyo ulizia mapema: huyu anayeteuliwa atasema anachotaka mtoto, au atasema anachoona yeye kuwa ni cha heri kwa mtoto? Nimeona mashauri ambayo hakuna aliyeuliza, na mtoto akabaki anaamini kwamba maneno yake yamefikishwa, kumbe hayakufika.

Shangazi Mtu: Asanteni. Wakili mmoja atawatosha wote wawili?

Wakili Mstaafu: Si lazima atoshe. Wa miaka 14 anaweza kutaka kurudi kwa mama yake, na mdogo akaogopa hata kumwona. Hapo wakili mmoja hawezi kuwasemea wote kwa uaminifu, na anapaswa kuomba mwingine ateuliwe. Andika barua kwa masjala ya mahakama, utaje namba ya shauri, umri wa kila mtoto, na kwamba hawana mwakilishi. Akishateuliwa, aonane na kila mtoto peke yake, bila wewe wala mama yao kuwapo chumbani, tena kabla ya siku ya kusikilizwa, si mlangoni mwa mahakama asubuhi hiyohiyo.