Naomba ushauri, mbaazi na tui kwenye presha kuka ya umeme

Habari zenu wapendwa, mimi niko Mtwara huku Mikindani, mwezi uliopita mume wangu kaninunulia presha kuka ya umeme ya lita 6 maana mkaa sasa hivi umetushinda jamani. Maharage nayaweza, nayaloweka usiku asubuhi dakika 25 yameiva vizuri kabisa na luku haishtuki.

Shida ipo kwenye mbaazi za nazi. Juzi niliweka vikombe viwili vya mbaazi kavu, kitunguu, chumvi na tui zito lote kwa mara moja nikafunga, baada ya muda ikaanza kupiga alamu haipandishi presha, nazima natoa mvuke nafungua nakuta tui limekatika mafuta yanaelea juu na chini kumeganda kama ukoko mweusi, mbaazi zenyewe bado zinagonga meno! Niliumia sana maana mama mkwe alikuwa mgeni wetu na nazi nilikuna mbili nzima.

Sasa naomba mnaotumia mnisaidie, tui niweke mwisho nikishafungua mfuniko au lile jepesi naweza kuanza nalo? Na maji kiasi gani kwa vikombe viwili? Halafu ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, kuna aliyewahi kuchemshia humo, dakika ngapi isipondeke? Na ule mpira wa mfuniko unanuka samaki hata nikiosha na limao, wenzangu mnafanyaje? Jumapili mama mkwe anarudi tena, nataka nimpikie mbaazi zile zile.