Ushauri: kuwanusisha wagumu (wapagazi wa mlimani) kahawa kabla ya kupanda mlima, inasaidia kumjua mwenye virusi?

Msimamizi_Machame
Habari za jioni wakuu. Nasimamia wagumu hapa Moshi, tunapandisha wageni Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Akipanda mmoja mwenye virusi, siku ya tatu hema zima linakohoa, maana wanalala wamebanana na baridi hairuhusu kufungua zipu. Kule juu kifua kikibana si mchezo. Kipimajoto ninacho, ila wengi wanapita bila homa.

Nimesikia wakati wa UVIKO wataalamu walipendekeza watu wapimwe kwa kunusishwa. Kahawa kwetu haikosekani. Je, nikiwanusisha asubuhi kabla gari halijaondoka, asiyesikia harufu abaki, nitakuwa nimefanya la maana? Sitaki kumnyima mtu riziki kwa kubahatisha.

Nesi_Boma
Kaka, inasaidia upande mmoja tu. Virusi vya korona huingia kwenye seli zinazotegemeza neva za harufu ndani ya pua, ndiyo maana wengi walikatika harufu ghafla bila pua kuziba. Mtu aliyekuwa ananusa vizuri juzi, leo hasikii kahawa, mweke kando apimwe kipimo cha haraka cha pua. Lakini anayenusa vizuri usimhesabu kuwa mzima. Wenye virusi wengi hawapotezi harufu, na tangu aina ya korona iitwayo Omikroni iingie mwishoni mwa 2021 dalili hiyo imepungua sana.

Kipimajoto nacho ni hivyohivyo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Machi 2020, alitua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), akapimwa akaonekana hana homa, hali ikaanza kuwa mbaya akiwa tayari Arusha.

Kijana_Majengo
Mimi harufu ilikata 2021 na sikujua. Mama ndiye aliyekuja mbio kutoka uani kuniuliza kama sisikii ndizi zinaungua. Nilikuwa nimekaa jikoni hapohapo! Kwa hiyo usitegemee mtu ajisemee mwenyewe.

Fundi_Maabara
Hapo ndipo penyewe. Usimuulize "unasikia harufu?" Anayetaka kazi atasema ndiyo. Tafuta vikopo vinne vinavyofanana: kahawa ya kusaga, karafuu, ganda la chungwa, na kimoja kitupu. Afumbe macho, ataje kilichomo, na kila mtu umbadilishie mpangilio. Akikiita kile kitupu kahawa, umeshajua anabahatisha. Kuna kipimo cha harufu 40 kilichotoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mtu anakwangua karatasi na kuchagua jibu moja kati ya manne. Nia ni hiyohiyo, kumzuia asikisie.

Usitumie spiriti, siki wala dawa ya kuchua yenye mentholi. Hizo zinawasha, na mwasho unapita kwenye neva nyingine ya uso, hivyo hata aliyepoteza harufu atashtuka. Tena kikopo ushike wewe, kisiguse pua ya mtu. Wakipokezana mkononi utakuwa unawaambukiza wewe mwenyewe.

Na andika majibu ya kila mmoja akiwa mzima. Mvuta sigara au mwenye mzio pua yake ina shida zake za siku zote, usije ukamlinganisha na mwenzake.

Mangi_Marangu
Mangi, wataalamu wamesema vizuri, ila mgumu analipwa kwa safari. Ukimwacha hapo mikono mitupu, safari ijayo atamuuliza mwenzake aliyetangulia kikopo kipi kina nini. Zungumza na kampuni: anayebakishwa apewe chochote siku hiyo na nafasi yake kwenye kundi linalofuata iwe palepale. Bila hilo vikopo vyote ni kazi bure. Mwenye kikohozi mbakishe hata kama ananusa kuliko wote.

Msimamizi_Machame
Asanteni sana. La malipo nitalipeleka ofisini kesho, naona ndilo zito. Dada nesi, na tukiwa kambini niendelee kuwanusisha?

Nesi_Boma
Hapana kaka. Juu pua zinachuruzika kwa baridi, majibu yatakudanganya. Kule sikiliza kikohozi na uangalie anavyohema. Anayehema akiwa amekaa tu, usisubiri kupambazuke, ateremshwe usiku huohuo, iwe ni virusi au ni mlima.

Msimamizi_Machame
Nimekuelewa. Vipimo vya haraka nitaulizia kituo cha afya kabla kundi la Jumatatu halijaondoka.