Ushauri: shoka gani litapasua magogo ya mlingoti (mkaratusi) yaliyokauka?

KijanaWaBaridi

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu wa kuchanja kuni.

Nipo Njombe. Nimeshushiwa Canter nzima ya mabaki ya milingoti, vile vichwa vinavyoachwa watu wakishatoa nguzo za umeme. Bei ilikuwa nzuri kwa sababu hakuna anayevitaka. Mengi ni magogo mapana, mengine nikiyakumbatia mikono haikutani, na yamelala juani tangu msimu uliopita. Vijana wa mtaani wamekuja wakayazunguka, wakataja bei ya gogo moja moja ambayo ukijumlisha inapita bei ya mzigo wenyewe.

Shoka nililonalo ni la dukani, lile jembamba la kukatia miti. Nikipiga linazama halafu linagoma kutoka. Muda wa kulichomoa ni mwingi kuliko muda wa kupiga.

Hapa mjini nimeona mawili. La kwanza ni nene, lina mgongo bapa kama nyundo, kilo tatu na nusu, mpini wa faiba. La pili ni la mhunzi, la springi ya lori, mpini wa mti, bei haifiki nusu ya lile. Nichukue lipi? Na kuna namna ya kupiga, au ni nguvu tu? Mwili wangu ni wa mtu wa ofisini. Kuni ni za jikoni na za kuota moto. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku mnaijua.

Nawasilisha.

Bwana_Mtungi

Mkuu, nunua gesi upumzike. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, wewe ndiyo kwanza unatafuta shoka.

KijanaWaBaridi

Mtungi upo, chai ya asubuhi inachemkia hapohapo. Ila maharage sitayapikia gesi, na sijaona mtu akiota mtungi.

FundiMpini

Turudi kwenye shoka. Hilo ulilonalo halina ubaya, ila umelipa kazi isiyo yake. La kukatia huchongwa jembamba kwa sababu linakwenda kukata nyuzi za mti kwa ubavu. Ukisimamisha gogo na kulipiga kichwani, nyuzi zimesimama pamoja nalo, hakuna cha kukata. Kinachotakiwa ni kuzitenganisha. Shoka la kupasulia lina makali kama lingine, lakini nyuma tu ya makali mashavu yanatanuka haraka, na huo utanukaji ndio unaolisukuma gogo huku na huku. Ndiyo maana halikwami hovyo: kabla halijazama sana, mti umeshaachia.

Kuhusu la mhunzi, usilikatae kwa kuwa ni la mhunzi. Springi ya lori ni chuma kizuri, kinashika makali. Tatizo springi ni bapa. Kama fundi ameinyoosha tu akatoa makali, utakuwa umeongeza pacha wa shoka la nyumbani. Lishike, litazame kwa juu: upande wa mgongo ukifika upana wa vidole vitatu hivi, nunua. Angalia pia limeingiaje kwenye mpini. Yale ya kienyeji ambayo mkia wa chuma umechomekwa kwenye kichwa cha mpini ni mazuri porini, lakini kwa magogo mapana kile kichwa huchanika mapema. Tafuta lenye tundu, mpini upite ndani na ukazwe kwa kabari ndogo ya mti.

Kilo tatu na nusu kwa mtu wa ofisini sikushauri. Mapigo ya mwanzo utajiona shujaa, baadaye shoka ndilo litakalokuwa linakupeleka. Kilo mbili hadi mbili na nusu zinatosha, kwa sababu kinachopasua zaidi ni kasi. Uzito ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo inaongezeka mara mbili. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Shoka usiloweza kulishusha kwa kasi ni mzigo tu.

Mpini wa faiba unavumilia ukikosea ukapiga kwa shingo, ila ukivunjika huna cha kuchonga, unarudi dukani. Wa mti, tafuta mkole au mpera, nyuzi zinyooke kutoka mwanzo hadi mwisho, pasiwe na fundo hata moja.

MamaWaMakete

Nyie kaka zangu mnabishania chuma, hakuna aliyeuliza mti.

Mlingoti hupasuliwa mbichi. Ukikatwa leo, uchanje leo au wiki hiyohiyo, maji yakiwa bado yamo. Nyuzi zake mara nyingi zimesokotana, zinapishana kama nywele za kusuka, na mti ukishakauka zinabanana kabisa. Ndiyo maana umeuziwa bei nzuri, mdogo wangu, na ndiyo maana hao vijana walizunguka kwanza ndipo wakataja bei. Mwati haukupi taabu hiyo, na moto wake ni mkali kuliko wa paini na hauna moshi ule wa utomvu. Safari ijayo uliza miwati.

Kwa hayo uliyonayo, usianzie katikati. Kila anayeanza anapiga moyo wa gogo, na moyo ndipo penye ubishi. Ligeuze kichwa utazame nyufa za jua, zile zinazotoka moyoni kwenda ganda. Chagua ufa mmoja mrefu, upige pale unapokaribia ganda, makali yakilala juu ya ufa wenyewe. Usipoona ufa, ambaa pembeni: toa bamba la ubavuni, zungusha, toa jingine, mpaka ubaki na moyo mwembamba unaoweza kuupiga. Gogo pana hulitoi mara moja, unalimenya.

Yenye mafundo makubwa weka kando. Hayo ni ya kulaza moto usiku, yanaingia mazima.

Mnyarwa_Oulu

Salamu kutoka Finland. Huku kuni ni sehemu ya maisha, sauna nyingi za mashambani zinawashwa kwa kuni. Mimi natumia Fiskars X27, mpini unapita sentimita 90 na shoka zima ni kama kilo mbili na nusu. Nakubaliana na FundiMpini, kilo tatu na nusu za nini? Tunapasua wakati wa baridi kali, maji ndani ya mti yameganda, gogo linafunguka kwa pigo moja.

MamaWaMakete

Mwanangu, hapo unapasua mti gani?

Mnyarwa_Oulu

Betula, ule wenye ganda jeupe. Nyuzi zake zimenyooka.

MamaWaMakete

Basi njoo likizo na shoka lako, mlingoti mkavu unakusubiri kwa kijana hapa.

FundiMpini

😂😂 Mama kamaliza. Ila hoja ya mpini mrefu ichukueni, na si kwa ajili ya nguvu peke yake. Mpini mfupi ukikosa gogo, duara la shoka linaishia kwenye muundi wako. Mrefu ukikosa, shoka linaishia kwenye kigogo cha kuchanjia (kile unachosimamishia gogo) au ardhini mbele yako. Kwa mtu wa urefu wa kawaida, sentimita 80 hadi 90. Na shoka likikaribia kugonga, kunja magoti ushuke nalo. Ukibaki umenyooka kama mlingoti, njia yake inaingia miguuni.

Kinangop_254

Mimi niko Kenya, upande wa Kinangop, tunapasua hizi blugamu, ndiyo milingoti yenu, kila wiki. Tafuta tairi ya zamani ya gari ndogo, uilaze juu ya kigogo, kisha simamisha gogo ndani ya tairi. Ukipiga, vipande vinabaki vimesimama humo, huinami kuokota kila mara. Pia ukikosea, shoka inagonga mpira badala ya mguu. Kigogo chenyewe kisizidi magoti. Kikiwa juu sana unapoteza kasi yote, shoka inafika kabla haijashuka vizuri.

Na vaa buti ngumu. Si gambuti, si kandambili. Gambuti ni ya matope, shoka haiiheshimu.

KijanaWaBaridi

Asanteni sana, hasa Mama. Leo nimejaribu kuambaa pembeni na shoka hilihili bovu, mabamba yanatoka, japo kwa jasho. Maswali mawili. Yale mapana kabisa, yasiyo na ufa, bado yanakataa. Na nikiligonga shoka lililokwama kwa nyuma na nyundo, kuna ubaya?

FundiMpini

Ubaya upo. Mgongo wa shoka jembamba haukuandaliwa kugongwa. Tundu litapanuka na shoka litaanza kucheza kwenye mpini. Baya zaidi ni chuma kwa chuma: kipande kidogo kikichomoka kinakwenda na kasi ya risasi, na macho yako yapo palepale. Likikwama, gonga ncha ya chini ya mpini kwa kiganja, juu na chini, litalegea. Likigoma, geuza gogo na shoka lake, upige upande wa pili.

Likianza kucheza, usililoweke majini kama wafanyavyo wengi. Mti utavimba leo, utasinyaa kesho ukiwa umejiponda mwenyewe kwenye tundu, utacheza kuliko jana. Kaza kabari ya mti upya, paka mafuta ya kitani, yanapatikana maduka ya rangi.

Kwa yale mapana, jibu ni kabari za chuma na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Chukua mbili. Ya kwanza ingiza karibu na ganda mpaka ufa uonekane, ya pili iweke mbele kwenye ufa huohuo, na ufa ukipanuka ya kwanza inalegea yenyewe unaisogeza. Kazi ya polepole, lakini hakuna mlingoti unaoishinda. Miwani ya fundi ni lazima hapo.

Bwana_Mtungi

Mtungi mdogo nao una bei nafuu siku hizi, nasema tu.

Mti_Mkavu

Nyongeza: piga kutokea upande wa kileleni kwenda upande wa shina, si kinyume. Wazee wetu walifanya hivyo.

MamaWaMakete

Kwa mti mwembamba ulionyooka sawa. Kwa haya mabaki kilele utakijuaje, yamekatwa pande zote? Atazame ufa na fundo tu. Fundo likae chini, upige upande ulio safi.

Na usiyaache yakapasuliwa nusu mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja. Panga vipande juu ya fito, visiguse udongo, funika juu tu kwa bati, pembeni pabaki wazi upepo upite. Ukifunika kote kwa turubai utavuna ukungu.

KijanaWaBaridi

Nimepita kwa mhunzi jioni hii. Kabari hana, ila anasema anaweza kunitengenezea mbili kwa ekseli ya gari. Ni sawa?

FundiMpini

Ekseli ni chuma kigumu, inafaa. Mwambie ncha aizamishe kwenye maji ipate ugumu, lakini kichwa kinachogongwa kipoe chenyewe taratibu, kibaki laini. Kichwa kigumu kinapasuka na kurusha vipande. Baada ya muda kitachanua kama uyoga. Ukiona hivyo mrudishie asage zile kingo. Na usilinunue shoka la springi mpaka umepima upana wa mgongo, vidole vitatu.