Bili ya maji inapanda na bomba zote nimefunga

Mpangaji: Jamani, naishi nyumba za umma, ghorofa ya 3. Bili ya maji imepanda ghafla na sioni panapovuja. Nianzie wapi?

Fundi Mstaafu: Chooni, ndugu yangu. Tia rangi ya chakula kwenye tangi, usivute maji kwa dakika 30. Rangi ikishuka kwenye bakuli, mpira wa chini ya tangi unaozuia maji umechoka. Wangu ulijikunja kama sikio la mbuzi! Tangi la zamani humeza hata lita 13 kila ukivuta. La kisasa lita 6 tu.



Mpangaji: Mzee, bakuli jekundu pyu! Namfuata msimamizi sasa hivi.